Mkono wa Kushoto wa Mpiga Tabla

Ukikaa barazani Malindi ukaitaja taarab ya Kihindi, hakosi mzee mmoja wa kukunja uso. Atakwambia huo si muziki wetu, ni sinema za Bombay zilizovishwa kanzu. Atakuimbia mwanzo wa wimbo wa filamu, kisha akuimbie wa Kiswahili wenye lahani ile ile, halafu aegemee ukuta: kesi imekwisha.

Kwa nusu ya kwanza ya kesi hiyo mzee ana haki. Lahani nyingi zilitoka huko, na waliozichukua hawakuficha. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa hapa Malindi mwaka 1942 na kufariki 2014, alijijengea jina kwa nyimbo za namna hiyo: mashairi ya Kiswahili, tena Kiswahili cha ndani, yakienda kwa mahadhi ya Kihindi. Watu walimwita Profesa, na cheo hicho hakupewa na chuo chochote. Miongoni mwa waliomtungia ni Ahmad Nassir, malenga wa ukoo wake mwenyewe, ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilichapishwa mwaka 1971. Mtu mwenye jamaa kama huyo hakupungukiwa na maneno wala hakukosa urithi wa kuimba. Alipoichagua lahani ya Kihindi, aliichagua akiwa tajiri.

Nusu ya pili ya kesi ndiyo inayonikera: kwamba lahani ikiwa ya kuazima, basi na kazi ni nyepesi. Hayo huyasema mtu aliyeisikia taarab hii kwenye kaseti, au siku hizi kwenye simu, asiwahi kukaa karibu na wapigaji usiku akawatazama vidole. Mimi ni wa kizazi cha simu. Nimekua nikimsikia Bhalo kupitia redio ya jirani, na tabla ilikuwa sauti ya nyuma nyuma, inayobwata kwenye spika mbovu. Kuiona ikipigwa, mbele ya macho, na mtu aliyekaa kitako hatua chache kutoka nilipokaa, ni elimu nyingine. Elimu hiyo ndiyo nataka kuwasimulia vijana wenzangu.

Kwanza njia uliyopitia muziki huo. Muziki wa jadi wa Kihindi, ule wa raga, yaani mpangilio wa noti, na tala, haukufika pwani hii na nauli yake mkononi. Ulifika umejificha ndani ya filamu. Mombasa ilikuwa na majumba ya sinema ya Regal, Majestic na Naaz, na mtu wa Malindi aliyeshuka mjini kwa shughuli zake alirudi na wimbo kichwani. Sasa tazama ni nani waliokuwa nyuma ya nyimbo hizo. Baiju Bawra ya mwaka 1952 ni filamu ya shindano la waimbaji wawili wa enzi ya mfalme Akbar. Muziki wake aliutunga Naushad juu ya raga, na katika shindano lenyewe sauti zinazosikika ni za Amir Khan na D. V. Paluskar, watu wa jukwaa la jadi. Katika Mughal-e-Azam ya 1960, anayemwimbia Tansen, mwimbaji wa Akbar huyo huyo, ni Bade Ghulam Ali Khan. Husimuliwa kwamba mzee huyo hakutaka kabisa mambo ya sinema, akataja rupia 25,000 kwa wimbo mmoja ili waondoke wamwache, nao wakakubali pale pale. Shivkumar Sharma, bingwa ambaye dunia inamjua kwa ala yake ya santur, alipiga tabla katika wimbo mmojawapo wa filamu Guide ya 1965. Kijana wa Malindi aliyeukariri wimbo wa filamu alikuwa akisomeshwa na maustadi bila ya kulipa ada. Akikariri wimbo ulio katika raga ya Bhairavi, koo lake lilijifunza Bhairavi, hata kama jina hilo hakulisikia maisha yake yote.

Biashara nayo ilitia mkono. Assanand and Sons, duka la Wahindi pale Mombasa, lilirekodi waimbaji wa Kiswahili na kuuza sahani zao za santuri kwa jina la Mzuri. (Na Malindi ninayoisema ni hii yetu. Ile ya Mji Mkongwe wa Unguja, ya Ikhwani Safaa walioanza mwaka 1905, ilitega sikio Misri, ikapenda fidla na kanuni. Hata Mombasa kwenyewe alikuwapo Zein l'Abdin na udi wake, akifuata njia ya Waarabu. Pwani haijawahi kuwa na sikio moja.)

Sasa njoo Shela, mtaa wa zamani hapa Malindi, usiku wa harusi. Turubai limefungwa baina ya nyumba mbili, mikeka mbele, viti vya plastiki nyuma. Ni majira ya kusi, na upepo unatoka baharini ukiwa umelowa. Wapigaji wamewahi kuliko wageni: harmoniamu, taishokoto, gitaa la besi, tari, na mpiga tabla, mtu wa makamo aliyevua viatu na kukaa juu ya mto. Bado hajapiga kitu. Yuko katika kutengeneza sauti, na kwangu mimi sehemu hii ilitosha kuwa tamasha.

Tabla ni ngoma mbili. Ya kulia ni ndogo, ya mti mzito uliochimbwa ndani. Ya kushoto ni pana zaidi, ya shaba au madini mengine, yenye tumbo la mviringo. Zote zimewambwa ngozi ya mbuzi, na juu ya ngozi kuna duara jeusi ambalo mgeni hulidhani pambo. Ya kulia duara liko katikati. Ya kushoto limesogea upande. Duara hilo ni rojo la unga na vumbi la chuma, linalopakwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka husuguliwa kwa jiwe mpaka likapasuka nyufa ndogo ndogo, ili uzito ukae juu ya ngozi na ngozi ibaki huru kutikisika. Faida yake ni hii. Ngoma ya kawaida hutoa mshindo, wala huwezi kusema ni noti gani, kwa kuwa milio midogo inayozaliwa ndani ya ule mlio mkubwa haipatani. Duara jeusi huipatanisha. Mwanafizikia C. V. Raman, kabla ya kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1930, aliliandika jambo hilo mwaka 1920: ngoma za Kihindi hutoa milio iliyopangika kwa uwiano, sawa na ya uzi wa ala. Waliozitengeneza hawakuwa na maabara. Walikuwa na jiwe la kusugulia na sikio.

Basi tabla huimba, na kwa kuwa huimba, huweza pia kuchapia. Ngoma ya mshindo haimkosei mwimbaji. Lakini ngoma yenye noti, ikiwa chini kidogo tu ya sauti yake, kila pigo litamchoma. Na hapa pwani ngozi haitulii. Iliyokazwa jioni, saa tatu usiku imekwisha legea. Wagiriama wa huko Kaloleni na Ganze huzipasha ngoma zao moto zikakaza. Tabla haipashwi hivyo. Ina nyundo. Ubavuni mwa ngoma ya kulia zinashuka kanda za ngozi, na kati ya kanda na mti vimebanwa vigogo vinane. Kigogo kikisukumwa chini, ngozi hukaza na sauti hupanda. Kikirudishwa juu, hushuka. Hiyo ni kazi ya juu juu. Kwa tofauti ndogo fundi hugonga ukingo wenyewe, pale ngozi iliposukwa: akigonga kutoka juu, sauti hupanda kidogo, akigonga kutoka chini, huteremka.

Mpiga tabla wa Shela alikuwa akiuzunguka ukingo huo wote. Agonge, apige kidole, asikilize, aizungushe ngoma kidogo, agonge tena. Mwenzake wa harmoniamu alimshikia noti moja tu, ile atakayosimamia mwimbaji, akivuta mvukuto polepole bila kuichoka. Kwa sikio langu ngoma ilikwisha kuwa sawa zamani. Nilimwuliza, ami, bado? Akanijibu bila kuinua macho kwamba ngozi imekunywa bahari, na upande mmoja ukiwa juu na mwingine chini, ngoma husema kwa ndimi mbili. Kisha akaniwekea kidole upande huu, akapiga. Akakiweka upande wa pili, akapiga. Tofauti ilikuwako, nyembamba mno. Baada ya kuisikia sikuweza tena kutoisikia.

Nyuma yetu mtu aliuliza kwa sauti taarab itaanza lini. Kuna kisa maarufu cha New York kuhusu kutengeneza sauti. Tarehe 1 Agosti 1971, ukumbini Madison Square Garden, Ravi Shankar na Ali Akbar Khan, pamoja na Alla Rakha kwenye tabla, walifungua tamasha la kuichangia Bangladesh. Mbele yao walijaa maelfu ya vijana waliokuja kumwona George Harrison na wenzake. Wazee wakatengeneza vyombo vyao. Walipomaliza, vijana wakapiga makofi kwa nguvu. Ravi Shankar akawashukuru, akawaambia kwamba ikiwa wamependa kutengeneza sauti kiasi hicho, basi anatumaini muziki wenyewe utawapendeza zaidi. Dunia imewacheka vijana wale kwa zaidi ya miaka hamsini. Mimi nawatetea. Alla Rakha akitafuta noti yake kwa nyundo ni jambo la kupigiwa makofi, na afadhali anayeshangilia mapema kuliko anayepiga soga mpaka mwimbaji afungue kinywa.

Halafu ikaja poda, ya watoto, viganjani, ili vidole visikwame kwenye ngozi. Mwimbaji akaanza bila ngoma. Aliichukua ile noti moja, akaizunguka, akapanda ya pili akarudi, na harmoniamu ikimfuata nyuma kidogo. Katika tamasha la jadi kule India sehemu hii, alap, huweza kuchukua nusu saa au zaidi: msanii anaifungua raga noti kwa noti, bila mapigo, na watu elfu wamenyamaza. Mjini Kolkata kuna mkutano wa muziki wa Dover Lane, ulioanza mwaka 1952, ambao hufanywa kila Januari, na watu hukesha mpaka alfajiri wakisikiliza. Sisi wa Shela tulionjeshwa tu, dakika chache, maana harusi ina mambo yake na pilau lilikuwa linanukia. Muda huo wote mpiga tabla alikaa na viganja vimelala juu ya ngozi, hapigi. Nilimtazama yeye kuliko mwimbaji. Alikuwa akifanya kazi: midomo ilicheza kidogo, akihesabu kasi ambayo bado haijazaliwa.

Pigo la kwanza liliangukia kwenye neno, si kabla wala baada.

Tala ni duara la mapigo. Linalotawala majukwaa ya kaskazini ya India ni tintal, lenye mapigo 16 yaliyogawanywa manne manne. Pigo la kwanza ni sam, na kila mtu, apige asipige, analielekea hilo. Wasikilizaji hulishika duara kwa mikono: kofi katika pigo la 1, la 5 na la 13, na katika la 9 kiganja hupunga hewani bila kugusa kitu. Pigo hilo la 9 ni pahali patupu. Likishapita, kuanzia la 10 hadi la 13, ngoma ya kushoto hunyamaza na ya kulia hubaki peke yake, nyepesi, mpaka pigo la 14, uzito unaporudi na ukajua kwamba sam i karibu. Duara limewekewa shimo kwa makusudi ili msikilizaji ajue alipo bila kuambiwa. Tangu nilijue hilo, ngoma isiyo na pahali patupu hunichosha haraka.

Taarab yetu hutumia zaidi maduara mafupi. Keharwa ina mapigo 8, dadra 6. Kila pigo lina jina, na mwanafunzi hulitamka kwa mdomo kabla ya kuruhusiwa kulipiga kwa mkono, kama watoto wa chuoni wanavyopitishwa alifu kwa ujiti. Na ni kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ukingoni. Ge ni kushoto. Dha ni yote mawili kwa pamoja. Keharwa huwa: dha ge na ti, na ka dhi na. Mtoto atalikariri kabla ya chai kupoa. Kulishika saa nzima, lisiongeze kasi waimbaji wanapopandwa na furaha wala lisipunguze wanapochoka, ni kazi ya miaka.

Na bado hiyo ni nusu tu, kwa sababu kuna mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ndio unaosifiwa. Ndio wenye mbio, na ndio watu huurekodi kwa simu. Wa kushoto ukiutazama kwa mbali utadhani umepumzika. Kisigino cha kiganja kimelala juu ya ngozi. Vidole viwili vinainuka na kushuka. Lakini kila vidole vikishapiga, kisigino husukuma kidogo kuelekea lile duara jeusi, na sauti nzito ya besi hupanda. Kikirudi nyuma, hushuka. Hakuna nyundo hapo. Ni uzito wa kifundo cha mkono tu, na kila mara lazima utoke sawa. Kwa mkono huo mpiga tabla huzungumza. Mwimbaji alipomaliza mshororo kwa swali, besi ilipanda nyuma yake ikauliza pia. Alipotaja kuondokewa, ilishuka na kukaa chini. Yule bwana hakumtazama mwimbaji hata mara moja. Alimsikiliza kwa kiganja.

Nimrudie mzee wa barazani, maana hapa ndipo kesi yake inapoanguka.

Shairi la Kiswahili lina mshororo wa mizani 16: 8 ukwapi, 8 utao, na kina mwishoni mwa kila kipande. Keharwa ina mapigo 8. Wimbo wa kale wa pwani huwa na mizani 12, yaani 6 kwa 6, na dadra ina mapigo 6. Mpenda hesabu ataruka kwa furaha hapa, na ningemwomba akae chini. Silabi haikalii pigo lake moja moja. Wimbo wa namna hiyo ungemlaza bwana harusi usingizi. Mwimbaji hufunga silabi tatu katika pigo moja, kisha huiachia moja ienee nusu ya duara. Ugumu wote uko katika kujua ipi ya kufunga na ipi ya kuachia, na hapo lugha mbili hugombana. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kihindi kina irabu ndefu na fupi, na noti ndefu za lahani zilitungwa zikae juu ya irabu ndefu, popote zilipo, mara nyingi mwisho kabisa wa mstari. Ukiichukua lahani hiyo ukaijaza Kiswahili bila ya kufikiri, neno hutamkwa na mgeni. Mkazo hukimbilia kwenye kina, silabi ya 7 humezwa, na shairi zuri hugeuka orodha ya maneno yaliyoteguka. Waimbaji wa namna hiyo wapo, na mzee wa barazani akiwasema hao, nitamuunga mkono.

Fundi hufanya vingine. Huuanza mshororo nyuma ya pigo kidogo, akaziharakisha silabi za mwanzo, ili ile ya 7 ndiyo iangukie pale lahani inapopanda. Huivuta hiyo. Kisha kina hukidondosha laini, na noti iliyobaki, ambayo Kihindi kingeijaza kwa irabu ndefu, huibeba kwa ee au wee, au humwachia taishokoto ajibu. Sikiliza rekodi za Bhalo kwa sikio hilo. Lahani inakwenda mahali ambapo mtunzi wa Bombay hakuwahi kuiwazia, na ni nadra neno la Kiswahili kupoteza mkazo wake. Kusema huyu aliiga ni kusema seremala aliiga mti.

Na hapo hapo ndipo mwimbaji anapomtegemea mtu wa tabla kwa roho yake. Mwimbaji anaimba nyuma ya pigo. Tabla ikimhurumia ikarudi nyuma kumngoja, duara limevunjika na wote wamepotea. Isipomjali kabisa, wimbo unakauka. Yule bwana wa Shela alikuwa akiushikilia mkono wa kulia mahali pake, haumsubiri mtu, huku wa kushoto ukichelewa pamoja na mwimbaji, ukimvutia besi mpaka afike. Mikono miwili ya mtu mmoja, mmoja na saa na mmoja na shairi. Sijaona jambo gumu kuliko hilo likifanywa kwa uso mtulivu namna ile.

Harmoniamu nitaipitia haraka, ingawa ina hadithi. Ni chombo cha Ulaya, kilichofanyiwa marekebisho Kolkata na Dwarkanath Ghose mwaka 1875 ili mtu akae chini, avute mvukuto kwa mkono mmoja na kupiga kwa mwingine. Redio ya taifa ya India iliipiga marufuku kuanzia 1940 hadi 1971, kwa hoja kwamba haiwezi kuteleza kutoka noti hadi noti kama raga inavyotaka. Hoja hiyo ni ya kweli. Huku kwetu hakuna aliyeikataza, na kuteleza tulimwachia mwimbaji na ule mkono wa kushoto. Taishokoto nayo ni ya Wajapani, ilibuniwa Nagoya mwaka 1912 na Goro Morita, ikazagaa India ikatufikia. Ina vitufe kama vya taipureta na sauti kali ya waya. Wapo wasioipenda. Mimi naipenda pale inapomjibu mwimbaji, na naona inapiga kelele pale inapomfuata neno kwa neno.

Watu walitunza. Ukifika mshororo unaomgusa mtu, mama anainuka taratibu, noti mkononi, anatembea kwa mwendo wa wimbo mpaka kwa mwimbaji, anamtuza, anarudi na uso wake wa kawaida, nasi sote tumekwisha jua ameambiwa nani. Noti zote zilikwenda kwa mwimbaji. Mpiga tabla alikuwa akipangusa jasho kwa mkono wa shati kati ya wimbo na wimbo, kisha anachukua nyundo na kuzunguka ukingo tena, maana bahari ilikuwa haijaacha kazi yake.

Harusi nyingi za Malindi, Kilifi na Mtwapa siku hizi hukodi kinanda cha umeme na mtu mmoja. Baba wa bibi harusi ana gharama zake, na mtu mmoja hula sahani moja. Sina ugomvi naye. Ndani ya kinanda mna tabla ya kubonyeza kitufe, imerekodiwa vizuri, hailegei kwa unyevu na haikosei kasi. Nimeisikia sana. Inampiga mwimbaji mgongoni usiku kucha. Akichelewa neno, haijui. Akitaja kifo, haijui. Ina mkono wa kulia tu.

Wala mtu asiniambie vijana wa Malindi hatuna sikio la mambo haya. Vasco da Gama alipotia nanga hapa Aprili 1498, shajara ya safari yake iliandika juu ya wapigaji wa mfalme wa Malindi: tarumbeta nyingi, na siwa mbili za pembe za ndovu zilizonakshiwa, kila moja kimo cha mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni, nazo zilipatana vizuri na zile tarumbeta. Mreno yule hakuja kusikiliza muziki, lakini kupatana huko kwa sauti kulimgusa akakuandika. Pale pale bandarini zilikuwapo merikebu nne za watu wa India. Mnara wa da Gama unapigwa picha na watalii kila siku ya Mungu. Waliopuliza siwa hawana mnara, na wapiga tabla wetu pia hawana. Mpiga tabla Zakir Hussain, mwana wa Alla Rakha yule wa New York, alipata Grammy tatu kwa usiku mmoja Februari 2024, akafariki Desemba mwaka huo huo. Video zake zimejaa kwenye simu, na kwa asiye na harusi ya karibu huo ni mwanzo mzuri. Mtazame mkono wa kushoto.

Lakini simu haitoshi, kwa sababu kamera humpenda mwimbaji, na spika ndogo huila besi yote. Kwa hiyo, kijana mwenzangu, ukisikia kuna harusi yenye tabla ya kweli, Shela, Mambrui, Takaungu au popote, fika kabla ya wageni, wakati wa nyundo. Kaa upande wake wa kushoto, karibu, na umwamkie kwanza. Hesabu mapigo kwa vidole, taratibu, mpaka ujue duara linarudi wapi. Ukifika wakati wa kutunza, mtuze mwimbaji haki yake, kisha piga hatua mbili zaidi, umtuze na mpiga tabla.